Dirisha la Januvye

Sifa,

Papa yako ameshakwambia habari za pasipoti, za kutobadilisha dola na mtu wa njiani, na za koti, kwa sababu anaamini Kampala kuna baridi. Sirudii. Yeye ni dereva, amevuka mipaka mingi kuliko mimi, na katika mambo hayo umsikilize yeye. Koti tu ndilo uliache.

Mimi nataka kukwambia yaliyotokea Kalengera, upande wa Rutshuru, wiki hii. Niliporudi nilikupa maneno mawili: "Si yeye." Ukageukia sanduku lako ukaendelea kukunja nguo. Nilijua unachofikiri. Ulifikiri dirisha lako limeshindwa, na kwamba unaondoka Goma ukiwa umemwacha mtoto Januvye pale pale alipokuwa, yaani popote pale. Ningeweza kukueleza yote papo hapo, lakini wewe unanijua: mdomoni huwa ninafupisha mno. Kwa kalamu ninaweza. Kwa hiyo nimekaa mezani, ninasikia mnavyocheka chumbani na binamu zako, na ninaandika.

Inabidi nianze mbali kidogo, maana mwanzo wenyewe huujui.

Mlima ulipolipuka mwaka 2002 ulikuwa hujazaliwa. Moto ulipita katikati ya mji na watu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi na magodoro kichwani. Mimi nilikuwa mwandishi mpya redioni. Niliamini nitatumwa kueleza lava imefika wapi, imekata barabara gani. Mkuu wangu aliniwekea meza nje ya mlango akasema niandike watoto waliopotea. Nilikasirika. Niliona ni kazi ya mtu asiyejua kuandika habari.

Mtu wa kwanza alikuwa anamtafuta Baraka. Wa pili, Baraka. Baada yao akaja anayemtafuta Furaha, halafu Baraka mwingine. Watu wetu wanawapa watoto majina ya kushukuru, na wanashukuru kwa maneno yale yale. Mama mmoja aliyekuwa amesimama mbele yangu alitazama karatasi, akanicheka.

"We mutoto wa redio, Baraka hawa wote utabajua aje? Andika kilima."

"Kilima kipi?"

"Kilima ya baba yake. Mutoto akipotea hajue avenue, hajue telefone. Kilima anajua."

Ilikuwa kweli. Mtoto wa huku, hata aliyezaliwa hapa mjini Katindo na hajawahi kupanda mlima wowote, ukimuuliza "weye ni wa wapi?" hakutajii mtaa anaolala. Anakutajia kilima cha babu yake. Ndicho anachofundishwa kwanza, kabla ya kuhesabu. Tangu siku ile niliandika hivyo: jina la mtoto, jina la baba, kilima. Nikasoma hivyo redioni. Kila vita vilipotimua watu, niliweka meza tena na kuandika vile vile, na watoto wakarudi kwao. Nilianza kujulikana kwa kazi hiyo. Nilipofika sokoni waliniita Mama Redio. Sikujiuliza kitu zaidi kuhusu kilima kwa karibu miaka ishirini. Kitu kinachofanya kazi vizuri mtu hakichunguzi, na hilo ndilo kosa langu la kwanza katika habari hii.

Sasa ya mwaka 2021 unayajua, lakini nataka uyaone kutoka kwenye kiti changu.

Mlima ulilipuka tena. Ardhi ikatetemeka siku kadhaa, barabara zikapasuka, kisha alfajiri ikatoka amri kwamba nusu ya mji ihame. Njia ya Sake ilijaa watu mpaka magari yakawa yanatembea kama wagonjwa. Watoto walipotea kwa wingi njiani. Mimi niliweka meza yangu. Sake waliweka meza yao, Rutshuru nao yao, na tukawa tunasomeana daftari kwa simu. Mtoto mmoja aliandikwa mara tatu kwa majina yaliyopinda kidogo, na aliyekuwa Sake hakujua kwamba anatafutwa huku.

Wewe ulikuwa mwanafunzi wa enformatiki, umekaa nyumbani kwa sababu chuo kimefungwa. Ulichukua daftari zangu, ukaziingiza zote kwenye hifadhidata. Halafu mchana mmoja ukaniita.

"Mama, sasa batu ya Sake banaweza kuuliza benyewe."

"Kivipi?"

"Ni kama gishe ya banki. Mutu haingie ndani. Anauliza kwa dirisha, anajibiwa."

"Uliandika programu hiyo lini? Jana ulikuwa unafua."

Ukacheka. "Sikuandika hata mustari moja. Kuna chombo. Unakionyesha hifadhidata, kinasoma majedwali yenyewe, kinafungulia kila moja dirisha. Dirisha ile njo inaitwa API."

"Na nani amekiambia kijibu nini?"

"Hakuna mutu. Kinajibu yenye iko ndani."

Nilikukumbatia. Mimi, ambaye kila ofisa aliyenipa jibu la namna hiyo nilimuuliza "na nani aliamua?" mpaka akachoka, siku ile sikuuliza. Nilikuwa na foleni mlangoni. Na dirisha lilifanya kazi. Wenzako wa Sake waliunganisha simu zao, redio ya Rutshuru ikaunganisha ukurasa wake, na kabla ya juma kwisha watoto walikuwa wanarudi kwa pikipiki, wengine wamevaa viatu vya watu wengine. Yale ambayo daftari zangu zilichukua mwezi kuyafanya, dirisha lilifanya kabla chai haijapoa. Hilo usilisahau unapojilaumu. Ningekuwa ninakufariji tu nisingelitaja, maana unajua sifariji vizuri.

Kati ya wale ambao hawakurudi alikuwamo Januvye.

Mama yake ni Esperansi, muuza bitumbura, maandazi ya kukaanga, mtaani Katoyi, aliyekimbia kutoka vilima vya Masisi zamani na kujenga kibanda cha mbao juu ya mawe ya volkano. Asubuhi ile ya amri alitembea na godoro kichwani, na Januvye, wa miaka tisa, ameshika kitenge chake kwa nyuma. Mahali fulani magari yaliwabana watu ukutani. Aliniambia hakuona kitu wala kusikia kelele. Alihisi tu kitenge kimekuwa chepesi.

Kila wiki alikuja redioni, akisimama mlangoni na beseni lake, na kila siku ya posho, Jumamosi, nilisoma: Januvye, alipopotea alikuwa na miaka tisa, mwana wa Bahati, wa kilima fulani, ana kovu la mafuta mkono wa kushoto. Kilima chenyewe sikiandiki hapa. Utaona sababu.

Baadaye waasi wakaanza kukaribia. Kambi za wakimbizi zikazunguka mji, na watu wa kambi nao wakaanza kutafutana. Uliwaingiza kwenye jedwali lile lile. Tuliongeza safu moja, ya mahali mtu anapolala, ili mzazi akipatikana tujue pa kumpelekea mtoto. Wazo hilo lilikuwa langu, na lilikuwa na maana. Chombo kiliisoma safu mpya, kikaiongeza dirishani, bila kuuliza kitu.

Siku Esperansi alipoingia redioni bila beseni nilijua kuna jambo. Mjini hofu ilikuwa imewapanda watu kichwani, na vijana wa mitaa walikuwa wanatafuta wapelelezi. Walifika Katoyi na simu. Mmoja alisimama mbele ya karai lake akamsomea: jina lake, jina la mumewe, kilima chake, na kwamba analala kwa shemeji yake nyuma ya kituo cha maji. Kilima kile kilikuwa kimeshakuwa mikononi mwa waasi. Kwa vijana wale hiyo ilitosha. Majirani walimwingiza ndani wakasimama mlangoni, la sivyo sijui.

"Mama Redio," aliniambia, "ile maneno nilikuambiaka weye. Bale batoto balijua wapi?"

Wewe ulikuwa kwenye kompyuta nyuma yangu. Nilikusikia ukiacha kuandika. Kijana mmoja alikuwa ameuliza dirisha letu swali moja tu: nipe watu wote wa kilima hiki. Na dirisha likampa wote, na mahali wanapolala, kwa adabu, kama lilivyompa yeyote.

Nilisema, "Funga." Ukafunga. Ulitoka nje ukakaa kwenye ukuta wa mawe, hukula siku hiyo. Mimi nilishinda na papa yako kwenye gari lake tukihamisha watu waliokuwa kwenye orodha hiyo, na niliona nimetenda kama mtu mzima: nimeona hatari, nimeamua.

Esperansi alirudi baada ya siku chache. Alikuwa amehamia kwa mtu wa kanisa lake.

"Juzi nilikuja kwa sababu yangu," alisema. "Leo nakuja kwa sababu yake. Nani alisema mumutoe Januvye?"

"Tulifunga kwa usalama wako, mama."

"Usalama yangu. Muliniuliza?"

Tulipofungua hatukumuuliza, na tulipofunga hatukumuuliza. Mara ya kwanza tulikuwa na haraka ya kusaidia, mara ya pili haraka ya kuokoa, na haraka zote mbili zilikuwa zetu. Mimi ningeacha jambo liishie hapo. Wewe ndiye uliyemwekea kiti ukakaa naye, ukamwonyesha safu moja moja. Hii ibaki? Hii nayo? Alikuwa na majibu. Mahali anapolala patoke. Jina la mume libaki. Kilima kibaki kwa ajili ya mtoto, lakini kisiombwe chote kwa pamoja kama mtu anayenunua gunia.

Kisha uliandika dirisha jipya, safari hii kwa mkono wako, mistari michache. Dirisha hilo halionyeshi mtu. Anayeuliza lazima aje na jina la mtoto, la baba na kilima, na akivipatia vyote linamwambia tu apige simu redioni. Vinginevyo linasema hakuna. Mistari ile michache ilikuchukua wiki nzima, nami nikadhani umechoka. Sasa ninaelewa. Kila mstari ulikuwa unakulazimisha kujiuliza swali ambalo kile chombo kilikuruhusu kuliruka.

Waasi waliingia mjini. Umeme ulikatika, redio ikanyamaza wiki kadhaa, kisha tukarudi hewani. Mimi nikaendelea kusoma matangazo yangu ya siku ya posho, kwa mpangilio ule ule.

Halafu Jumanne ukaja jikoni bila viatu. Swali limeingia kutoka Kalengera. Januvye, wa Bahati, kilima sahihi. Kijana anayeuza uniti za simu pale ndiye aliyeuliza kwa niaba ya mvulana, na alikuwa ameshapiga simu. Ulilia, ukampigia Esperansi simu. Mimi nilisema nataka chanzo cha pili, ukaniambia nina moyo wa jiwe. Niliondoka na papa yako asubuhi yake.

Kuanzia hapa ndiyo usiyoyajua.

Mvulana anaishi kwa muzee mmoja mwenye ng'ombe, nje kidogo ya barabara kuu. Muzee ni mtu wa maneno. Kabla sijakaa alishaanza.

"Weye njo Mama Redio mwenyewe? Sauti yako ni kubwa kuliko weye. Sasa, mukimuchukua huyu, muniachie mutu wa ng'ombe. Redio yenu haijue kuchunga."

"Tutamuacha huyu dereva," nilisema nikimwonyesha papa yako.

"Huyu? Huyu ng'ombe zitamuchunga ye."

Papa yako alicheka kuliko wote. Mvulana hakucheka. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa shati la mikono mirefu lenye vifungo viwili tu. Nilimuuliza jina.

"Januvye."

"Wa nani?"

"Wa Bahati."

Akataja kilima kabla sijauliza. Kisha akasema alikuwa na miaka tisa alipopotea.

Moyo wangu wa jiwe uliruka, nakiri. Lakini sikio langu lilisikia kitu. Nimehoji watu waliopoteza nyumba, waliotoroka, waliodanganya mbele ya mahakama. Mtu anayekumbuka maisha yake huyaanzia katikati, anarudi nyuma, anajisahihisha. Huyu alikuwa anakwenda kwa mpangilio. Ulikuwa mpangilio wangu.

"Na mkono wako wa kushoto?"

Aliishika ile mikono ya shati. "Kovu iliponaka."

Tangazo langu lilikuwa na vitu vitano, na vyote vitano alikuwa navyo. Nikatafuta kitu ambacho sijawahi kukisoma.

"Mama yako anauzaka nini?"

Alitazama ng'ombe. Akatazama barabara.

"Makala ya kupikia," alisema.

Papa yako, ambaye unadhani hasikii kitu akiwa anacheka, alimshika muzee mkono akamwomba amwonyeshe pa kupata maji ya rejeta. Tukabaki wawili.

"Kila posho munamutafuta ule Januvye," alisema hatimaye. "Nasikilizaka kwa redio ya muzee. Munamutafuta, munamutafuta. Miye jina yangu hamuyisomaka hata siku moja." Kisha akamaliza: "Nilisema, kama ye haonekane, nafasi yake iko bule, haina mutu."

Sifa, nimekaa mbele ya watu wenye bunduki nikawa na swali la kufuata. Mbele ya mtoto huyu sikuwa nalo. Nilifunga daftari.

Njiani kurudi niliwaza kwanza habari ya dirisha, kwa sababu ndiyo nyepesi. Lilifanya kazi yake vizuri. Liliulizwa mambo matatu, yakawa sahihi, likatuita. Halikutoa siri hata moja. Aliyezitoa ni mimi, kwa miaka, hewani, kwa sauti ya kupendeza. Nilikuwa nimekulaumu moyoni kwa mlango uliouacha wazi kwa miezi, na wangu ulikuwa wazi tangu hujazaliwa. Ndiyo maana mtoto yule aliweza kumjua Januvye kuliko tunavyomjua sisi: hatukubakiza kitu cha kumtambulia.

Lakini lililonikaa zaidi ni lile la nafasi. Jedwali letu lina wazazi wanaotafuta watoto. Hakuna mahali pa mtoto anayetafuta. Mtoto anayetaka kuuliza lazima awe na mtu mzima aliyesimama kwenye foleni akamwandikisha. Mvulana yule hakuwa na mtu wa kusimama kwenye foleni. Angeuliza dirisha letu kwa jina lake la kweli, lingemjibu "hakuna", na lingekuwa sahihi kabisa. Chombo chako kisingeweza kukwambia hilo. Kinasoma majedwali yaliyopo. Jedwali linalokosekana hakilioni, na mimi niliyeweka meza ile nje ya mlango sikuliona pia.

Kule Kampala wamekuajiri kwa sababu unaweza kufungua dirisha mchana mmoja bila kuandika programu. Itakuja hospitali, itakuja kooperative ya wakulima wa kahawa, wote watakuwa na haraka, na wengi watakuwa na haki ya kuwa na haraka. Fungua. Sikwambii uogope. Ila kabla hujabonyeza, mtafute mtu mmoja aliyemo kwenye jedwali, mmoja tu, umsomee mstari wake kwa sauti, na umtazame usoni unaposoma. Wale vijana wa Katoyi walimfanyia Esperansi hivyo mwishoni, dirisha likiwa wazi tayari. Wewe uwe wa kwanza.

Sasa Esperansi. Najua hukwenda kumuaga. Ulisema utapita, siku zikapita, na nadhani unaogopa uso wake. Nilikwenda mimi, jana, kumpa habari. Amerudi Katoyi. Nilimkuta kwenye karai lake, na watu watatu wanasubiri.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. "Si yeye."

Aligeuza kitumbura, kisha kingine, mpaka vyote vikawa vimegeuka. Akawapa watu wale vyao. Kisha akanivutia kigoda.

"Alisema ni mutoto yangu?"

"Alisema."

"Na kovu?"

"Alisema limepona."

Akacheka kidogo, puani. "Kovu ya mafuta haiponake. Muongo huyo." Akachota unga. "Ana miaka ngapi?"

"Kama kumi na tatu hivi."

"Njo sawa na wangu. Na aliyajua wapi yote?"

Nikamweleza. Redio ya muzee, siku ya posho, nafasi iliyo bule. Sikupunguza. Alisikiliza akiwa ameshika kijiko, na unga ukaanza kukauka kwenye vidole vyake. Nilitegemea hasira, na angekuwa na haki nayo, maana kwa siku mbili alikuwa amejua kwamba mwanawe yuko Kalengera.

"Ye kwabo ni nani anamutafuta?" aliuliza.

"Hakuna tunayemjua."

Karai likaanza kutoa moshi na hakulishughulikia. Mwishowe alilishusha motoni.

"Wangu, Goma yote inamujua," alisema. "Mutu akimuona atasema huyu ni Januvye. Ule hakuna mutu anamujua. Posho ukisoma, anza na yeye. Wangu afwate."

"Una hakika?"

"Nimesema anza na yeye, sikusema umutoe wangu." Akarudisha karai motoni. "Na umuulize kwanza maneno yenye anataka usome. Usifanye sawa vile ulinifanyaka miye."

Nilikuwa nimeshamuuliza, na nilifurahi kuweza kumwambia hivyo. Pale Kalengera, baada ya kufunga daftari, nilimwomba mvulana ruhusa ya kulifungua tena. Jina lake ni Elia. Mama yake ni Vumilia, baba hamkumbuki. Nilipouliza kilima alitikisa kichwa.

"Kilima usisome."

"Bila kilima itakuwa vigumu kukupata."

"Kilima njo ilituletea bale batu," alisema. "Usisome."

Nilitaka kubishana. Nina miaka ishirini na zaidi ya kujua kwamba bila kilima unaandika bure. Niliandika alichosema.

Aliponisindikiza garini aliniuliza kama nitasoma kweli. Nikasema nitasoma. Akauliza, "Na kama hakuna mutu atakuja?" Papa yako alikuwa ameshawasha injini, akanitazama kwa kioo, akitaka niseme kitu kizuri. Nikasema sijui. Mvulana aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolizoea, akarudi kwa ng'ombe.

Sijamwingiza kwenye hifadhidata. Hana jedwali la kuingia. Nimekuachia wewe ulitengeneze, la watoto wanaotafuta, ukishapata kitanda na meza huko. Si lazima iwe wiki hii. Chombo chako kitalisoma kwa dakika moja, najua. Safu zake tukubaliane na Elia kwanza.

Na asubuhi papa yako atapitia Katoyi kabla ya mpaka. Ni kuzunguka, nimeshamwambia, amekubali. Esperansi ameniomba nikwambie kwamba atakuwa amewasha moto mapema, na kwamba ukipita ndani ya gari bila kushuka atalirushia unga.

Kesho ni posho. Mchana, wakati wa matangazo, utakuwa umeshavuka na redio yetu haitakufikia, kwa hiyo nakuandikia hapa nitakachosoma, jinsi kilivyo:

Elia, mvulana wa miaka kama kumi na tatu, mwana wa Mama Vumilia, yuko hai na ana afya. Anamtafuta mama yake. Kilima chake anakijua mwenyewe. Anayemtambua aje redioni.

Halafu nitasoma Januvye.

Mama yako